Unamaliza Lini? Uainishaji wa Majibu ya Mwanachuo Mmoja

Wataalamu wa elimu wamezoea kuwapanga wanachuo kwa GPA. Mpango huo una kasoro: unamtaka mwanachuo awe amemaliza. Utafiti huu umetumia kigezo kingine, yaani jibu analotoa mtu akiulizwa na shangazi yake msibani, "Eti baba, chuo unamaliza lini?" Sampuli ni moja, binamu yetu, ambaye hapa ataitwa Mhusika. Wengine tuliowaomba walisema wako bize na msuli.

Aina ya kwanza ni Jibu la Tarehe. Hutolewa mwaka wa kwanza tu, bumu likiwa bado la moto mfukoni. Mhusika, akiwa Uhandisi, alitaja mpaka mwezi.

Aina ya pili ni Jibu la Supu: "Kuna kasomo kamoja tu kananisumbua." Kasomo hako kalikuwa Hisabati, na kalikuja na ndugu zake watatu.

Aina ya tatu inahitaji subira. Mhusika alidisko, lakini hakurudi nyumbani. Aliingia maisha ya kubebana: kitanda cha futi tatu, watu wawili, mmoja kichwa huku, mwenzake kichwa kule. Alfajiri alitoka na kaunta buku kwapani kabla mlinzi hajaanza kukagua vitambulisho, akaketi kwenye vimbweta hadi jioni akiwaelekeza wenzake desa la kozi iliyomtema. Mashahidi wanakiri kwamba alielekeza vizuri mno. Wawili kati yao sasa ni wahandisi. Shangazi alipopiga simu, alijibiwa, "Matokeo hayajatoka." Kitaalamu huo si uongo. Duniani kuna matokeo mengi ambayo hayajatoka.

Aina ya nne, "nimehamisha kozi," ilidumu hadi alipoahirisha mwaka, na haina la kutuchelewesha.

Watakuwepo wakosoaji watakaosema njia ya Mhusika imepinda kupita kiasi. Tunawaelekeza Mlimani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kikasimama chenyewe mwaka 1970. Miaka tisa ya kuhamahama, na hatuna kumbukumbu ya shangazi yeyote aliyekiuliza kinamaliza lini.

Aina ya tano karibu ivuruge utafiti mzima. Mhusika alijiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambako mtu husoma huku akiendelea na kazi yake. Yeye alikuwa akijitolea kufundisha sekondari, na watu wanaokuita mwalimu hawakuulizi unamaliza lini. Alimaliza bila kuulizwa, kwa GPA ya 2.7, daraja la pili la chini. Ingekuwa 2.6 ingeitwa pasi. Kuhusu sehemu hiyo moja ya kumi, Mhusika anaweza kuzungumza mpaka chai ikapoa.

Leo ameajiriwa, anafundisha Historia na Kiswahili. Kwenye salari slipu yake kuna mstari wa Bodi ya Mikopo: asilimia 15 ya mshahara, kila mwezi, kwa ajili ya uhandisi ule ule. Anasema ndiyo kozi pekee ambayo hajawahi kukosa kuihudhuria.