Barua ya Wazi kwa Mfalme Charles wa Tatu, Kuhusu Bibi Siti

Ila janabi al-mukarram al-muadhamu, Mfalme Charles wa Tatu bin Philip, Mungu akuweke na akuzidishie afya. Nakuletea salamu nyingi zisizo idadi, wewe na Malkia Camilla na jamaa wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Ama baada ya salamu, sisi huku Mombasa hatujambo, hofu ni juu yako.

Marehemu baba alinifunza kwamba barua kwa mkubwa huanza namna hiyo, na mkubwa kuliko wewe sina anwani yake. Niwie radhi basi ikiwa salamu zimezidi haja. Niwie radhi pia kwa kukuandikia hadharani. Nilianza kimyakimya, katika ofisi moja ambayo kwa adabu siitaji. Karani wake, kijana mpole sana, aliniambia habari za mtu aliyepotea baharini haziwezi kutafutwa mpaka nilete cheti chake cha kifo. Nikamwuliza cheti hicho hutolewa wapi. Akasema hapo hapo, habari zikishapatikana.

Nimethubutu kukuandikia wewe kwa kuwa ni mwana wa bahari. Ulitumikia jeshi la majini kutoka 1971 hadi 1976, na mwaka huo wa mwisho ulikuwa nahodha wa HMS Bronington, chombo cha mbao cha kusaka mabomu ya baharini. Mtu aliyekwisha kuongoza chombo cha mbao, sisi watu wa majahazi tunamhesabu jamaa.

Haja yenyewe inamhusu mwanamke aitwaye Siti.

Babu mzaa babu yangu alikuwa baharia wa Mji wa Kale, hatua chache kutoka Fort Jesus, pale ulipoketi katika tuktuk ya umeme Novemba 2023. Alianza na majahazi kama wenziwe. Mwaka mmoja alikwenda Aden na kusi, na kaskazi ilipovuma hakurudi. Alikuwa ameingia merikebu za moshi, kazi yake kutia makaa tanurini. Bibi, mkewe, akawa akiletewa salamu na pesa kidogo na wapitaji. Halafu, vita vya kwanza vikiwa vimepamba moto, ikaja barua kutoka Cardiff, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mkono wa mwenziwe. Bibi hakujua kusoma. Akaitwa mwalimu wa chuoni, naye akaisoma kwa sauti, barazani, majirani wakisikia: mumeo ameondoka na Siti, na toka hapo hatujamwona.

Mtukufu, kwetu siti ni bibi wa heshima, na pia ni jina la mwanamke. Fikiria baraza lile lilivyonyamaza.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya siku hiyo. Hakukaa eda, maana mumewe hakufa. Hakuolewa tena, maana hakuachwa. Santuri za Siti binti Saad zilipoanza kupigwa pwani yote, Bibi alikuwa akizisikia tu, huingia ndani na kufunga dirisha. Na katika ukoo wetu, hadi leo, hakuna mtoto wa kike aliyepewa jina hilo.

Katika kasha lake ilibaki karatasi moja, aliyoileta Babu kwa mkono wa msafiri mwaka 1915. Ni cheti cha kuachishwa kazi melini, kimekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka, na juu yake mihuri miwili, mmoja wa ujuzi na mmoja wa mwenendo, yote ikisema VERY GOOD. Tulikaa tukiamini kwamba sifa hizo zilitoka kwa mfalme mwenyewe. Baadaye nikajua kwamba karibu kila baharia alipigwa mihuri hiyo. Aliyekosana na nahodha aliandikiwa DR, yaani nahodha hapendi kusema lolote, na herufi hizo mbili zilitosha kumfungia milango ya meli nyingine. Hata hivyo tumeitia fremu.

Pembeni mwa karatasi mna namba, nayo ndiyo iliyonifungulia njia. Kila meli ya Uingereza ilipewa namba yake ikisajiliwa, na hata ikiuzwa na kubadilishwa jina mara tatu, namba haibadiliki. Orodha za mabaharia za mwaka 1915 zimehifadhiwa Greenwich, nazo zimenakiliwa na kuwekwa kwenye intaneti bila malipo. Nikaitafuta meli, nikamkuta Babu. Umri wake, kazi yake, mshahara wake, meli aliyotoka. Jina lake la kwanza liko sawa. Mahali pa jina la baba yake, karani ameandika Zanzibar, na mahali alipozaliwa, Zanzibar tena. Silalamiki, hasha. Pwani yetu kweli ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, kwa hiyo karani hakuikosea nchi. Alimkosea mtu tu.

Hapo nikakwama. Orodha inakwambia mtu katoka meli gani, haikwambii anakwenda wapi. Na serikali ya wazee wako haikuweka daftari la mabaharia kutoka 1857 hadi 1913. Lilipoanzishwa upya, kadi za miaka ya vita hazikusalia. Usinidhanie vibaya, Mtukufu, sikulinganishi na mimi. Nasaba yako inafuatwa bila kukatika mpaka kwa William wa Normandy aliyeingia Uingereza 1066. Mimi nilikuwa nimeshindwa kuvuka 1915.

Usiku mmoja nilikuwa napitia kitabu cha merikebu za Uingereza zilizopotea baharini kati ya 1914 na 1918, kilichochapishwa London mwaka 1919. Ni kitabu cha safu tupu: jina la meli, tani, tarehe, mahali, imezamishwa na nini. Safu ya mwisho ni ya waliokufa, nayo haina majina, ina tarakimu. Mwaka 1917 unachosha macho, kwa kuwa kuanzia Februari nyambizi za Wajerumani ziliruhusiwa kupiga chombo chochote bila onyo. Kidole kikawa kinateremka, City of hii, kisha tena City of ile. Nikasimama. Nikalisoma neno kwa sauti, kama mwalimu wa chuoni angelilisoma kutoka herufi za Kiarabu.

Siti.

Nakuomba radhi, Mtukufu, nilicheka peke yangu usiku ule mpaka mke wangu akaamka, na alipoamka sikuwa nacheka tena.

Zilibaki Siti kadhaa za kuchagua. Orodha niliyoihitaji haikuwa Uingereza. Serikali ilipoona makaratasi ya mabaharia yamekuwa mengi mno, ilibakiza sehemu ndogo, na karibu asilimia 70 ya orodha za kuanzia 1863 zikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Memorial kule St. John's, Newfoundland, nchini Kanada. Kwa hiyo Babu, mtu wa Mji wa Kale aliyeisha katika maji ya Ulaya, karatasi yake inakaa kwenye kisiwa cha baridi ambacho sidhani aliwahi kukisikia. Nikawapelekea namba za meli, wao wakaniletea picha.

Yumo. Jina la kwanza, kisha Zanzibar. Safu ya kuacha kazi ina tarehe ya siku ile, na neno moja, amezama. Mshahara umehesabiwa mpaka siku hiyo hiyo na kufungwa, maana sheria ya 1894 ilisema meli ikipotea ujira wa baharia unaishia hapo. Na katika safu ya anwani ya nyumbani, Mtukufu, imeandikwa nyumba ya kulala mabaharia ya Cardiff.

Baada ya vita, Mfalme George wa Tano, baba wa babu yako, alizipelekea jamaa za waliokufa sahani ya shaba yenye jina la marehemu bila cheo, pamoja na barua fupi yenye nakala ya saini yake. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 1, na mabaharia wa meli za biashara waliouawa na adui nao walihesabiwa. Ikiwa yetu ilitumwa, basi ilikwenda Cardiff. Sisemi kwamba tulibaguliwa. Ripoti ya mwaka 2021 ya tume inayotunza makaburi yenu ya vita ndiyo iliyosema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Wewe ulipokuja Nairobi ulitueleza masikitiko yako juu ya maovu ya ukoloni kwa maneno mazuri mno, na neno lenyewe la radhi tukalisubiri mpaka ndege yako ikaondoka. Mimi katika barua hii nimeshaliandika mara kadhaa, na mkono haujaniuma.

Sikuombi pesa. Ule mshahara ulifungwa, tumekubali. Sahani nayo iache, shaba nyumbani tunayo, ya kahawa. Naomba mistari miwili tu iliyoandikwa kwa jina la Bibi, wala si langu, kwamba mumewe alikufa kazini mwaka 1917, na kwamba Siti ilikuwa meli. Tutaisoma barazani, kwa sauti, pale pale ile ya kwanza iliposomwa. Wajukuu wa majirani wale bado wapo, na baadhi yao bado wana kumbukumbu nzuri kuliko inavyopendeza.

Ikiwa ni taabu kuandika kutoka huko, utakapokuja tena Mombasa mwambie dereva wa tuktuk akuingize Mji wa Kale. Barabara ni nyembamba lakini inapita. Kahawa utaikuta. Na kalamu usijisumbue kubeba. Tuliona ile ya Septemba 2022 ilivyokuvujia vidoleni. Yetu ni ya bei rahisi, lakini haivuji.

Wasalaam.