Palizi ya Hisani

Mwanamume mzima naamka saa kumi na moja alfajiri kumwagilia magugu. Ndivyo asemavyo mke wangu, na mtaa mzima wa huku Kimara unamuunga mkono.

Kosa langu ni kuchoka. Leo mchicha, kesho chainizi, keshokutwa matembele, halafu tena mchicha. Nikasema mwaka huu nalima mboga za bibi: mgagani na mnafu. Mbegu za mgagani nikaletewa kutoka kijijini, zimevunwa juzi tu. Nikainua tuta, nikatia samadi, nikasia. Wiki mbili nikawa nalichungulia lile tuta kama mtu anayengoja mshahara. Kimya.

Nikampigia mama. Akacheka mpaka salio likakaribia kukata. "Mwanangu, mbegu mpya za mgagani zina usingizi. Ziweke ndani miezi mitatu minne, ndipo uzisie." Zilizobaki nikazipumzisha. Mimi mwenyewe likizo ya miezi mitatu sijawahi kuionja.

Wakati huohuo, kwenye ufa wa saruji karibu na choo, mgagani mwingine ukajiotea bila samadi, bila maji, bila simu kwa mama.

Hatimaye na wa tutani ukaota. Kila ua lililochomoza nililikata, maana mgagani ukishaanza kuzaa, majani ndiyo basi tena. Watoto wakaziba pua. Nikawaambia subirini, tutauchemsha, tumwage maji machungu, tuunge kwa karanga, halafu tuone nani ataziba nini.

Jumamosi nikaenda msibani. Narudi, shemeji kanipokea getini, jasho linamtiririka, jembe mkononi. "Shem, nimekupigia palizi. Majani yalikuwa yameshaizidi nguvu ile chainizi."

Miche miwili ya chainizi, aliyoichomeka dada yake pembeni, ndiyo iliyobaki, imesimama peke yake kama bwana na bibi harusi.

Shemeji hagombezwi. Nikamshukuru, nikamnunulia soda.

Jioni nikapita gengeni. Mama muuza ana mafungu manne ya mgagani, mizizi ingali na udongo.

"Fungu elfu moja, baba. Hii mboga adimu, huipati hivihivi."

"Umeitoa wapi?"

"Kuna mtu kaitupa pale jalalani. Watu wengine, baba, hawajui mboga."

Nikanunua yote manne.