Mwongozo kwa Wanaosema "Hiyo Nimeshaiona"

Kabla hujashika rimoti, peleka simu chumba kingine. Kuzima sauti hakutoshi, wala kuilaza kifudifudi mezani, maana mkono wako unaijua njia. Anayejibu meseji za kamati ya harusi mbele ya filamu hajaiangalia filamu hiyo, ameketi nayo tu. Na wewe unayetazama muhtasari wa dakika tatu mtandaoni, kisha ukajitokeza barazani kutangaza "hiyo nimeshaiona", sikiliza: umelamba mwiko, pilau hujala.

Ukishakubali hilo, anza na filamu kongwe. Wasiozipenda watakuambia hazina rangi, ni ndefu, na watu wake wanaongea mno. Waketishe mbele ya Seven Samurai ya Akira Kurosawa, iliyotoka Japani mwaka 1954. Ina dakika 207, rangi kweli haina, na katikati yake kuna mapumziko, kwa hiyo hakuna sababu ya kuinuka kila robo saa kwenda kuchungulia friji. Wakulima wanaoporwa mavuno wanatafuta wapiganaji wa kuwalinda, na ujira walio nao ni wali tu. Wao wenyewe wanakula mtama. Kambei, mpiganaji wa makamo, anapoelezwa jambo hilo analipokea bakuli la wali na kuahidi kwamba halitaliwa bure. Hakuna upanga uliochomolewa, lakini vita vyote vinaanzia kwenye bakuli lile. Ukipeleka mbele haraka ili uwahi mapigano, utafika kwenye mapigano ya watu usiowajua.

Halafu fuata ukoo wake. Mwaka 1960 John Sturges aliihamishia hadithi hiyo Mexico kwa jina la The Magnificent Seven. Ni nzuri, lakini usikawie nayo. Kaa kwenye Sholay ya Ramesh Sippy, ya mwaka 1975, ambayo nayo ina kijiji kinachoonewa na wanaume wanaokodiwa kukitetea. Hapa usiwe yule shabiki anayekariri vitisho vya jambazi Gabbar Singh kwa sauti kabla Amjad Khan hajafungua mdomo. Nyamaza, hasa jioni zile Jai, mmoja wa waliokodiwa, yaani Amitabh Bachchan, anapoketi nje akipuliza kinanda cha mdomo, na ng'ambo Radha, mjane, anazima taa moja baada ya nyingine. Hawasemezani. Mapenzi yao yote yamo kwenye taa zile, na filamu nyingi za leo zingehitaji nyimbo tatu na mvua ili kusema nusu yake. Na anayeshikilia kwamba steringi hafi, mwambie aitazame sarafu ya Jai mpaka mwisho.

Tukiutaja mwisho, ule uliozoeleka siyo uliopigwa kwanza. Sippy alimwonyesha Thakur, yule aliyewakodi wapiganaji, akimuua Gabbar. Wakaguzi wa filamu wa India, nchi ikiwa chini ya hali ya hatari, wakakataa, ikabidi polisi waingizwe kumzuia asimuue. Mwaka 2025 nakala iliyokarabatiwa, yenye mwisho wa awali, ilionyeshwa Bologna, Italia. Kwa hiyo hata wewe uliyeiona utotoni na kuirudia kila sikukuu, hujaimaliza.

Wala usikidharau kibanda umiza, banda la video la mtaani ambako filamu hufasiriwa kwa sauti. Wafasiri kama Lufufu hapa Tanzania na DJ Afro kule Kenya wamewafungulia filamu za kigeni watu ambao hakuna aliyewafikiria wakati filamu hizo zinatengenezwa, na kuangalia kwa sauti zao ni halali kabisa. Ila rudia mara moja bila wao. Mfasiri hodari huziba kila kimya, na kimya cha Radha hakitaki kuzibwa.

Sasa njoo kwenye mpya, na ya kwanza iwe ya kwetu: Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin anaikimbia ndoa aliyotiwa bila hiari yake, anakutana na Denge anayepigania uhuru. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka huohuo. Hapa kuna marufuku moja, nayo haina msamaha: usiseme "si mbaya kwa filamu ya Kibongo". Sifa hiyo ni tusi lililopakwa manukato. Aliyezoea kusamehe filamu za nyumbani hazitazami, na asiyezitazama hawezi kuzidai ziwe bora. Ipime kwa kipimo kilekile ulichompimia Kurosawa: nani anatazamwa asiposema, mwanga unamwangukia nani, na ni jambo gani limeachwa ulielewe mwenyewe. Mimi nimeipima hivyo, na inasimama kwa miguu yake. Iangalie nzima, usiinuke mpaka majina ya mafundi wa taa na sauti yamalize kupita, ndipo uje tubishane.