Namna ya Kupata Hekima Mwanza kwa Nauli ya Daladala

Anza asubuhi na mapema. Panda daladala ya Kirumba, shuka Mwaloni, kisha fuata harufu ya dagaa. Daftari liache nyumbani. Ukimkuta mama kwenye biashara yake, msalimu kwanza kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayo." Anayetanguliza bei kabla ya salamu hapati elimu wala punguzo.

Sasa simama karibu na sado. Kopo hili la rangi, linalotumika kupimia dagaa, limefundisha tabia za watu kuliko shule nyingi. Muuzaji hulijaza kwa mkono mwepesi ili dagaa wakae juu juu; mnunuzi hulitikisa ili washuke. Muuzaji akiweka kilele, mnunuzi hulalamika kwamba ni kifupi. Akiongezewa, macho yake huhamia sado ya jirani. Usiondoke. Ngoja hadi umwone mtu aliyebishana mpaka jasho likamtoka kwa ajili ya konzi moja, halafu papo hapo anamchotea mtoto wa mwenzake konzi mbili bila kuombwa. Usikimbilie kumwita bahili, wala usimwite mkarimu. Alichokataa ni kupunjwa. Kutoa alikuwa tayari tangu alipotoka nyumbani. Ukilielewa hili, utaacha kugombana na nusu ya ndugu zako.

Somo linalofuata husubiri mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakivutwa na taa. Mwezi ukipevuka taa hazina nguvu, na mitumbwi hupumzika ufukweni. Nenda siku hizo. Wengine wanashona nyavu, wengine wanacheza drafti, na mmoja anazunguka kukopa kwa wale wale aliowatambia wakati wa giza. Wanamkopesha. Wanamsema kwanza, tena kwa sauti, lakini wanamkopesha, kwa sababu kila mmoja wao anaujua mwezi wake mwenyewe.

Ukipenda kusoma, huna haja ya kuagiza kitabu cha falsafa kutoka ng'ambo. Aniceti Kitereza, mzee wa Ukerewe, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ndani yake kuna mume na mke wasio na mtoto, wakwe wanaomchukua binti yao, na mume anayetakiwa kupeleka pombe ya ndizi ili mkewe arudi. Kuna salamu nyingi, kazi za nyumbani na maneno ya majirani. Mambo ambayo msomaji mwenye haraka angeyaruka, Kitereza hakuruka hata moja. Kitabu kilitoka mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata alifariki. Miaka 35 kazi kubwa namna ile ilisubiri mchapishaji, na hilo linapaswa kutuuma hadi leo.

Utatamani kukiona kisiwa chake, na kwenda Ukerewe ni lazima uvuke maji. Gatini ndipo mtihani ulipo. Hapo watu wema kabisa husukumana, na kila mmoja anaamini kwamba chombo kilichojaa bado kina nafasi ya mtu mmoja, naye mtu huyo ni yeye. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na baadhi ya waliokufa wamezikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita uwezo.

Kwa hiyo, msomaji, fika gatini mapema, vaa jaketi la kuokolea maisha hata wenzako wakikucheka, na ukikuta chombo kimejaa, subiri kinachofuata. Ukiwa na mtoto, mshike mkono msubiri wote.