Namna ya Kujutia Gari kwa Utaratibu

Kadi ikishaandikwa jina lako, tulia kwanza. Majuto hayaji siku ya kwanza. Siku ya kwanza una watu: fundi aliyekusindikiza, shemeji aliyekupeleka yadi, jirani wa Pasua anayelizunguka gari huku akipiga matairi kwa ncha ya kiatu. Majuto huja wiki ya pili au ya tatu, usiku, umelala na simu mkononi, mara inatokea picha ya gari kama lako, rangi ileile, kilomita chache kuliko lako, namba ya karibuni kuliko yako, na bei iko chini kwa milioni moja na nusu. Usingizi umekwisha. Mwongozo huu ni wako.

Anza kwa kufunga hizo picha. Mwaka 1957 Danuta Ehrlich na wenzake watatu walichapisha utafiti wao juu ya watu wa Minneapolis, Marekani, waliokuwa wametoka kununua magari mapya. Waliwauliza ni matangazo gani ya magari waliyokuwa wakiyasoma. Ikaonekana kwamba mnunuzi mpya husoma zaidi matangazo ya gari lilelile alilokwisha kulilipia kuliko ya yale aliyoyatamani akayaacha. Mwaka huohuo mwanasaikolojia Leon Festinger alitoa kitabu kilichoeleza sababu: mtu akishachagua, mazuri ya kile alichokiacha yanamsumbua moyoni, basi hutafuta maneno ya kuutuliza. Wale watu wa Minneapolis walikuwa na bahati, maana gazeti halikumbuki ulichokuwa ukikitafuta mwezi uliopita. Simu inakumbuka. Ulitazama Harrier miezi mitatu ukaishia kununua IST, na simu itaendelea kukuletea Harrier mpaka utakapoikataza.

Basi ikataze, kisha fanya kwa miguu yako walichokifanya wao kwa macho. Watafute wenye gari kama lako. Kwa IST, Passo, Noah au Rav4 huhitaji kutoka Moshi mjini. Simama dakika kumi karibu na Mnara wa Saa, watapita wengi tu. Msalimie mwenye gari, muulize bila haya: "Mangi, hili lako linakunywaje? Spea unachukua wapi? Fundi wako nani?" Mtu akiulizwa habari za gari lake hanyimi jibu. Utaondoka na namba ya simu ya fundi, na utagundua kwamba ule mlio uliokukosesha usingizi ni bushi tu, na magari yote ya aina hiyo hulia hivyo yakifika umri huo.

Halafu kaa chini upige hesabu yote, kwa sababu majuto mengi yamejengwa juu ya hesabu nusu. Binamu atakwambia ameliona gari kama lako kwenye mtandao kwa milioni nane, na wewe umetoa kumi na nane. Muulize hiyo nane inalifikisha gari wapi. Mara nyingi ni bei ya gari likiwa bado Japani, au kwa wema sana likiwa limefika bandari ya Dar es Salaam na bado hujaligusa. Hapo bado ushuru wa forodha wa asilimia 25, bado ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini, bado ushuru wa uchakavu kwa gari lililozeeka, na juu ya hayo yote VAT ya asilimia 18. TRA wana kikokotoo kwenye tovuti yao. Ingiza aina, mwaka na injini ya gari lako, usome jumla, kisha umpe binamu simu naye asome. Watu wengi huinuka kwenye hesabu hiyo wakiwa wamepona nusu.

Nusu nyingine iko nyumbani. Kama mkeo, Mama Glory, anaamini gari limenunuliwa kwa milioni kumi na nne, hujutii gari, unajutia uongo, na hakuna fundi wa Moshi anayeutengeneza. Mwambie bei yenyewe. Mwambie pia ya bima, maana utamhitaji kwenye uamuzi huo: bima kubwa kwa kiwango cha asilimia 3.5 ya thamani, gari la milioni 18 ni shilingi 630,000 kabla ya VAT. Bima ndogo ya gari binafsi ni 118,000 pamoja na VAT. Pengo hilo ndilo linalowashawishi wengi kuchukua ndogo, kisha kila wakisikia breki za lori nyuma yao roho inaruka. Ukikata kubwa mwaka wa kwanza utalala. Kama mazungumzo yamekuwa magumu na wazee wameingilia, upande huu wa nchi mmea wa isale ungalipo kwenye mipaka ya vihamba, na jani lake bado linaombea msamaha. Lichume mapema, usingoje kesi ifike kwa mjomba.

Sasa tupande, kwa sababu huku kwetu gari halijutiwi mjini. Linajutiwa mlimani.

Moshi mjini iko kati ya mita 800 na 900 kutoka usawa wa bahari. Lango la Marangu liko juu ya mita 1,800. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda, kwa vile hewa inapungua na petroli haina cha kuungua nacho. Sasa chukua kigari cha injini ya lita moja, kilichokuwa kinateleza vizuri pale Dar, kipakie watu wazima watano, debe la mahindi na mkungu wa ndizi za mtori, uwashe kiyoyozi, ukielekeze Kibosho. Kitalia. Dereva ataangalia mshale wa joto, ataangalia uso wa mkewe, atasema gari ni bovu. Si bovu. Zima kiyoyozi, fungua vioo, hewa ya mgombani ni ya baridi kuliko ya kiyoyozi hicho. Toa gia ya D, weka ya chini, upande polepole. Watu wawili wazito washuke pale kwenye kona kali. Watapanda tena juu.

Kushuka ndiko kunakowatisha zaidi, na ndiko kunakosamehewa haraka mtu akielezwa. Wengi waliojifunzia tambarare huteremka kutoka Machame au Marangu gia ikiwa D, mguu umekanyaga breki kuanzia juu mpaka chini. Wakifika kuna harufu ya kitu kinachoungua, breki zimekuwa laini, na siku ya pili gari liko gereji likibadilishiwa kila kitu. Gari la otomatiki lina gia ya L au 2 kwa kazi hiyohiyo. Weka, injini yenyewe italizuia gari, na breki ikanyagwe kwa kugusagusa. Najua watu waliotaka kuuza magari mazima kwa ajili ya harufu hii, na ningependa kila muuza gari wa mkoa huu aitaje kabla hajapokea fedha.

Lakini yapo majuto ya haki, nayo tuyape heshima yake. Masika yakiingia, kuanzia Machi, tafuta mahali pa kusimama kwenye njia yoyote inayoacha lami na kuingia vihambani. Utaliona: Crown au Mark X, jeusi, linang'aa, limelala chini kama ilivyokusudiwa kwa barabara za Japani. Tairi za nyuma zinazunguka papo hapo, udongo mwekundu unarushwa mpaka kwenye majani ya kahawa. Vijana wanne wamekwishatokea, hakuna aliyewaita. Mmoja anakata magome ya mgomba na kuyatandika chini ya tairi, watatu wanasukuma. Gari linaruka mbele, na pale linapotua unasikia jiwe likikwaruza sampo kwa mlio mrefu. Dereva anashuka, anapiga goti na shati lake jeupe, anapitisha kidole chini, anakitazama. Oili. Hapo hakuna saikolojia ya kumtuliza. Gari hilo lilinunuliwa kwa barabara nyingine, na yeye anaishi kwenye hii.

Ukiwa wewe ndiye yule mwenye shati jeupe, usiongeze fedha. Ninalisisitiza hili kwa sababu ndipo watu wanapoumia mara mbili. Aliyejuta hununua rimu, hubadilisha redio, huweka vioo vya giza, akidhani atalipenda gari akilivalisha. Halitapanda mlima kwa redio. Weka kava ya chuma chini ya injini, nunua matairi yenye meno, na mvua ikinyesha liache kwa jamaa aliye karibu na lami, upande bodaboda mpaka nyumbani. Hakuna aibu yoyote. Wazee wanaokuheshimu watakuheshimu na matope kwenye suruali.

Na hapa niseme jambo linaloniuma. Magari mengi ya majuto hununuliwa Oktoba na Novemba, na hununuliwa kwa ajili ya Desemba. Nchi nzima inatutania sisi watu wa Moshi kwamba tunapanda kwenda kuhesabiwa, na kweli wiki ya Krismasi barabara kutoka Dar kupitia Segera, Same na Himo inajaa. Kijana amekopa SACCOS, amejibana mwaka mzima, ili gari lionekane kanisani siku moja na kwenye vilabu vya mbege siku tatu. Anakimbiza zile kilomita zaidi ya 500, tochi inamkamata kwenye kibao cha 50, faini shilingi 30,000, anafika amechoka na tangi halina kitu. Mama yake alikuwa anamngoja yeye. Angeshuka kwenye basi angempokea vilevile, kwa mtori uleule.

Kama umejaribu yote na bado gari si lako, liuze, ila usiliuze Januari. Januari ni mwezi wa ada, waliorudi kuhesabiwa nao wanauza, na dalali anajua shida yako kabla hujafungua mdomo. Lilee mpaka baada ya masika. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inatangaza bei mpya za mafuta. Weka ya kutosha tu kwa safari za lazima, badilisha oili kwa wakati, tunza risiti zote za fundi.

Mnunuzi akija, mweleze ya sampo, mwonyeshe kava. Kisha mpe ufunguo yeye, mkae watu watano ndani, apandishe mpaka Umbwe na kushuka, akiwa yeye kwenye usukani. Akirudi anataka kupunguziwa, mpunguzie. Akirudi anacheka, andikianeni, na usisahau kubadilisha jina kwenye kadi.