Faili Limepotea Kwenye Seva: Mwongozo wa Kulipoteza Kabisa

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi aliyefungua folda ya pamoja saa tatu asubuhi na kukuta bajeti haipo, wakati bosi anaitaka saa nne. Ufuate hatua kwa hatua bila kuruka hata moja, nasi tunakuhakikishia kuwa faili hilo hutaliona tena.

Hatua ya kwanza: piga kelele. Simama katikati ya ofisi uulize, "Nani kafuta bajeti?" kwa sauti ya kufika mapokezi. Mafaili mengi yanayosemwa yamefutwa hayakufutwa. Mtu alikuwa akibofya haraka, kidole kikachelewa kuachia kipanya, na folda nzima ikaingia ndani ya folda jirani. Mtu huyo bado ameketi mbele ya kompyuta yake, na akiulizwa kwa upole ataweza kubonyeza Ctrl na Z, kila kitu kikarudi mahali pake. Ukishafoka, atafunga madirisha yote, atikise kichwa pamoja na wenzake na kusema vijana wa siku hizi hawana umakini.

Hatua ya pili: tafuta kwenye pipa la taka la kompyuta yako. Humo hutakuta kitu, na ndiyo maana tunapendekeza ukae humo nusu saa. Faili la seva likifutwa kupitia mtandao haliendi kwenye pipa la aliyelifuta, linaondoka moja kwa moja. Windows humwuliza mfutaji kama ana hakika, naye hujibu ndiyo kabla hajasoma swali. Zipo seva zenye pipa lake zenyewe. Zile za Synology huliweka kwenye folda iitwayo #recycle, ilimradi msimamizi alikumbuka kuliwasha. Usimwulize kama alikumbuka.

Hatua ya tatu: tafuta kwa jina unalolikumbuka. Andika "bajeti". Yatakuja "bajeti mpya", "bajeti mpya ya mwisho", "bajeti mwisho kabisa", "bajeti ya bosi" na "bajeti hii ndiyo". Fungua ya kwanza, uchapishe, umpelekee bosi. Mtu mwenye subira angepanga majibu kwa tarehe ya kuhaririwa, akaona ipi iliguswa jana jioni na imekaa folda gani. Subira huvuta heri, lakini sisi hatuna muda.

Hatua ya nne: ukisikia kwamba seva hutunza matoleo ya nyuma, rudisha folda nzima. Tangu enzi za Windows Server 2003, seva nyingi za Windows zinaweza kujipiga picha kwa ratiba. Ratiba ya kawaida ni saa 1 asubuhi na saa 6 mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, na kila diski hutunza picha zisizozidi 64. Ikija nyingine, ya zamani kabisa inaondolewa. Ukibofya folda kwa kitufe cha kulia utakuta orodha iitwayo "Previous Versions". Mwoga angefungua picha ya saa 1, akakopi faili moja tu na kuliweka pembeni. Wewe bonyeza kitufe cha kurejesha yote. Kazi ya mhasibu aliyekuwa akiingiza malipo tangu alfajiri kwenye folda hiyohiyo itarudi ilivyokuwa saa 1, na sasa mtakuwa wawili wa kulia.

Hatua ya tano: pakua programu ya bure ya kufufua mafaili, kutoka tovuti yoyote itakayotangulia, na uisakinishe kwenye diski ileile ya seva. Faili lililofutwa huwa bado limo kwenye diski kwa muda, ila nafasi yake imegeuka kiwanja kisicho na mwenyewe: ajaye kwanza anajenga. Programu yako ndiyo itakayojenga hapo. Likibaki pengo, waruhusu wenzako waendelee kukopi picha za harusi kwenye seva.

Hatua ya sita: mwite kijana wa TEHAMA mwisho kabisa, akiwa na sahani ya wali mkononi, na usimpe taarifa yoyote yenye faida.

"Faili linaitwaje, dada?"

"Lile la bajeti."

"Lilikuwa folda gani?"

"Si palepale linapokaaga siku zote!"

"Mara ya mwisho umeliona lini?"

"Kaka, mimi nataka faili, sijaja polisi."

Jina, folda na saa ya mwisho ya kuonekana ndivyo vitu vitatu anavyovihitaji ili ajue afungue bekapu ya siku gani. Mnyime vyote vitatu.

Hatua ya saba: amini kwamba ofisi ina bekapu kwa sababu seva ina diski mbili zinazofanana. Diski hizo huokoa siku mojawapo inapokufa. Faili likifutwa, linafutwa kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Na hata bekapu ya kweli isiyojaribiwa ni matumaini tu. Mwaka 1998 pale Pixar, amri moja ya kufuta ilikula sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, na bekapu za studio zikagundulika kuwa mbovu. Filamu iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa ufundi, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya kulea mtoto mchanga. Ofisini kwenu nani ana mtoto mchanga?

Asiyeupenda mwongozo huu aufuate kinyumenyume: aanze na kijana wa TEHAMA, asisakinishe kitu, akopi faili moja tu, na aulize wenzake kwa adabu. Kisha, siku ambayo hakuna kilichopotea, mwulize kijana huyo mara ya mwisho alirejesha faili kutoka kwenye bekapu ni lini. Akikutajia tarehe, mnunulie chai. Akikujibu, "Bekapu zipo, usijali," ofisi yenu haina bekapu.