Nimekupigia Kukusalimu Tu

Kwenye simu yangu watu hawana majina, wana mahali pa kazi: Mjomba Hoteli, Ami Mgodi, Bosi Bandari. Ndivyo tunavyohifadhi namba sisi watafuta kazi wa Kibuyuni.

Ami Mgodi alikuwa tumaini kubwa. "Tulia, mwanangu, mambo yanaiva," alikuwa akiniambia, mpaka Base Titanium iliposimamisha uchimbaji Desemba 2024. Siku hizi ananipigia yeye, akitaka kujua kama Bosi Bandari, yule wa bandari ya uvuvi pale Shimoni, hushika simu. Hashiki. Jina la Ami sijalibadilisha, kwa heshima ya mzee.

Nikabaki na Mjomba Hoteli. Tulikutana harusini Msambweni, tukala biriani sinia moja, na pwani hii uliyekula naye sinia moja hawezi kukukana. Kukuzungusha anaweza. Kwanza nimtafute baada ya Ramadhani. Kisha baada ya Idi. Kisha masika yakaingia, na nani asiyejua kwamba mvua zikinyesha hoteli za Diani hupunguza watu? Basi nisubiri Julai, wageni wakirudi, ila kila Jumatatu nimkumbushe.

Kumkumbusha mtu mzima kuna adabu zake. Huanzi na kazi, ng'o! Unaanza na shikamoo, unaulizia nyumbani, watoto, mguu uliokuwa ukimsumbua, halafu unasema, "Nimekupigia kukusalimu tu," na hapo nyote wawili mnajua ni uongo. Vocha yangu ya shilingi kumi hufika mguuni ikakata.

Nikaona heri nimtumie ujumbe wa sauti. Nikateremka ufukweni kutafuta mtandao. Simu ikadaka wa Tanzania, ikanikaribisha nchi jirani kwa heshima zote, salio likayeyuka. Nilipofanikiwa, kilichomfikia mjomba ni upepo wa kusi na sauti ya shangazi akinifokea nisikanyage kamba zake za mwani.

Shangazi hana subira na mambo haya. Yeye na wenzake hungoja maji yapwe, wakafunga mbegu kambani, na baada ya kama wiki sita wanavuna, wanaanika, mnunuzi anakuja. "Mwani hatujaupigia simu hata siku moja," aliniambia, maji yakiwa magotini, mdomo umebana kipande cha kamba. "Wewe mjomba wako unamchungulia kila asubuhi. Atamea saa ngapi?"

Jioni moja ya Mei, Mjomba Hoteli akapiga mwenyewe. Nikakurupuka, nikavaa shati ndipo nikapokea. Akaulizia nyumbani. Akaulizia wazee. Akamuulizia shangazi kwa marefu na mapana, mpaka nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Nimekupigia kukusalimu tu," akasema.

Kumbe hoteli imewarudisha nyumbani mpaka Julai. Je, kikundi cha shangazi kinapokea watu?

Nikamwambia nitamuulizia, inshallah. Anikumbushe bamvua lijalo.